Swali Nililolizima

Kuuliza si ujinga, husema Waswahili, na msemo huo nimeuandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nimeuandika kwa uso wa mtu anayeamini anachokiandika. Hata hivyo, ipo siku moja ambayo mwanafunzi aliniuliza swali nami nikalizima kama mtu apulizaye kibatari, kisha nikaendelea na kipindi kana kwamba hapakutokea jambo. Insha hii ni maungamo ya siku hiyo. Ni simulizi pia ya yale niliyojifunza baadaye, nje kabisa ya idara yetu ya Kiswahili, miongoni mwa watu wapimao joto, wachomao udongo na wasomao rangi ya moto.

Nilikuwa katika mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya upili ya kutwa. Darasa lilikuwa la kidato cha pili, na kipindi kilikuwa cha mwisho kabla ya chakula cha mchana, wakati ambapo sauti ya mwalimu hushindana na ngurumo za matumbo. Tulikuwa tukisoma kifungu cha ufahamu kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Katika aya ya pili likajitokeza neno "halijoto". Nikaeleza kwa haraka kwamba halijoto ni kiwango cha joto, nikataka tusonge mbele. Mvulana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "kama halijoto ni joto tu, kwa nini waliunda neno jingine? Nyumbani cheche ya makaa ikiniangukia mkononi huzima kabla sijaumia. Lakini maji ya chai yakinimwagikia, natoka malengelenge. Na cheche ni moto hasa, maji si moto. Sasa mwalimu, kipi kina joto jingi?"

Wenzake wakaangua kicheko. Nami, ambaye nililipwa imani ya kuwa mlinzi wa mkono ule ulioinuliwa, nikacheka pamoja nao. "Hiyo ni fizikia yako," nikamwambia. "Hapa tunasoma Kiswahili. Kamuulize mwalimu wa fizikia." Kicheko kikazidi. Mkono ukashuka. Katika majuma yote yaliyosalia ya mazoezi yangu, sikumbuki kuuona ukiinuka tena.

Kweli ni kwamba sikujua jibu. Lakini sikuwa na ujasiri wa kusema "sijui" mbele ya vijana arobaini na mwalimu msimamizi ambaye angeweza kuingia wakati wowote. Nikaona ni heri mtoto aonekane mjinga kuliko mimi nionekane hivyo.

Niliporejea chuoni, nilimkuta mwenzangu wa chumbani, mwanafunzi wa uhandisi wa mitambo, amezama katika mradi wake wa mwaka wa mwisho. Alikuwa akichunguza jiko. Sisemi jiko la ajabu, bali lile jiko la makaa lijulikanalo na akina mama wengi nchini: bati kwa nje, kauri kwa ndani, limebana kiunoni mfano wa ngoma. Jiko hilo lilizaliwa humu nchini mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kipindi kile ambacho Nairobi iliandaa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati, Agosti 1981. Wazo lake lilichotwa kwa kiasi kutoka kwa jiko la ndoo la Thailand, kisha likarekebishwa na wataalamu pamoja na mafundi wa jua kali wa hapa kwetu.

Siri ya jiko hilo, alinieleza mwenzangu, imo katika udongo. Bati la chuma hupitisha joto kwa wepesi mara makumi kadhaa kuliko udongo uliochomwa. Katika jiko la bati tupu, sehemu kubwa ya joto la makaa hutorokea ubavuni na kupasha miguu ya mpishi badala ya sufuria. Kauri hulizuia joto hilo, likabaki pale linapohitajika. Kazi yake ilikuwa na pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa wa nadharia: alikaa na kalamu na kompyuta, akakokotoa jinsi joto linavyosafiri ndani ya kauri kwa kufuata hesabu zilizoasisiwa na Mfaransa Joseph Fourier katika kitabu alichokichapisha mwaka wa 1822. Upande wa pili ulikuwa wa majaribio: aliwasha makaa kikweli, akapachika nyaya za kupimia kwenye kauri, akaandika alichokiona. Kisha akalinganisha. Pale hesabu na kipimo vilipokubaliana, alitabasamu. Pale vilipokosana, hakulala.

Mimi niliingia katika mradi huo kwa mlango wa lugha. Mwenzangu alihitaji kuwahoji mafundi wa udongo, na hojaji yake ilikuwa kwa Kiingereza. Akaniomba niitafsiri. Nikaifanya kazi hiyo kwa usiku mmoja na kumkabidhi kwa majivuno. Akasoma, akakunja uso, kisha akacheka.

"Ndugu yangu," akasema, "swali la nne na la tano umeniandikia swali moja mara mbili. Hapa nauliza kiasi cha joto, na hapa nauliza halijoto. Wewe kote umeandika 'joto'."

Nikamwambia kwamba katika matumizi ya kawaida tofauti hiyo haina uzito. Akanitazama kwa huruma, akachukua kipande cha karatasi.

"Chukua cheche ya makaa," akaanza, nami moyo ukanipiga kwa kishindo. "Tuseme ina uzito wa miligramu moja na halijoto ya nyuzi 800 za sentigredi. Ukali wake ni mkubwa mno, lakini joto lote iliyobeba ni kama juli moja hivi. Sasa chukua lita moja ya maji yachemkayo. Ukali wake ni nyuzi 100 tu. Lakini kuyatoa maji hayo kwenye nyuzi 20 hadi 100 kulihitaji takribani juli 335,000. Cheche ikikuangukia, haina cha kukupa. Maji yana hazina."

Nikabaki kimya. Aliendelea kunieleza kwamba tofauti hiyo haikuwa dhahiri hata kwa wanasayansi kwa karne nyingi. Aliyeibainisha wazi ni Joseph Black, mtaalamu wa Uskoti, katika miaka ya 1760 hivi. Black aligundua kwamba barafu inayoyeyuka hunywa joto jingi ilhali halijoto yake haipandi hata kidogo. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji takribani juli 334,000, yaani karibu sawa na kuyapeleka maji ya uzito uo huo kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka. Joto linaingia, kipimajoto hakitikisiki. Basi joto na halijoto haviwezi kuwa kitu kimoja.

Usiku huo nilielewa nilichokuwa nimekitenda. Kijana wa kidato cha pili, kwa Kiswahili chake cha nyumbani, pasipo maabara wala kitabu, alikuwa amefika kwenye kizingiti kile kile alichosimama Black. Alikuwa na cheche na maji ya chai. Alikuwa na mkono wake mwenyewe kama kipimajoto. Alichokosa ni mtu wa kumwambia: "Hapo umegusa jambo."

Siku chache baadaye tulifunga safari hadi karakana moja ya ufinyanzi nje ya mji, mimi nikiwa mkalimani na mwenzangu akiwa na sanduku la vifaa. Fundi alikuwa mzee wa makamo, viganja vyake vimekakamaa, macho yake yamezoea moshi. Tulimkuta akilisha kuni tanuri lililojaa kauri za majiko. Nilimsomea swali la nne na la tano, safari hii nikiwa nimeandika "joto" katika moja na "halijoto" katika jingine. Akanitazama.

"Kijana wangu," akasema, "hilo neno la pili silijui. Lakini kama unauliza kuhusu moto, kuna moto mkali na kuna moto mwingi. Nyasi kavu ziko na moto mkali, lakini si mwingi. Gogo liko na moto mwingi. Chungu kinaivishwa na moto mwingi. Ukianza na moto mkali, kinapasuka, kwa sababu maji yako ndani bado na hayajapata njia."

Mwenzangu alisahau kuandika. Nami nilisimama pale nikihisi kwamba Kiswahili kilikuwa kimenifundisha mimi, mwanafunzi wake wa miaka mitatu chuoni, somo ambalo sikulipata katika kamusi yoyote. Ukali na wingi! Tofauti yote tuliyoitafuta kwenye istilahi ilikuwa imekaa hapo kitambo, katika vivumishi viwili ambavyo kila mtoto hujifunza kabla ya kuingia shuleni. Tulirudi kwenye hojaji papo hapo, tukafuta maneno yangu, tukaandika "ukali wa moto" na "wingi wa moto". Kuanzia hapo mahojiano yalitiririka.

Jambo la pili alilotufundisha mzee huyo lilihusu mwanga. Mwenzangu alikuwa akiingiza waya wake wa kupimia kwenye tundu la tanuri. Fundi akamwambia asihangaike, achungulie tu. "Usiangalie ndimi za moto," akaonya. "Angalia ukuta na kauri zenyewe. Zikiwa nyekundu ya damu, bado. Zikifika rangi ya papai lililoiva, acha kuongeza kuni." Waya ulipotulia, ulisoma nyuzi mia tisa na ushei. Fundi hakushangaa. Mwenzangu alinieleza tulipokuwa njiani kwamba kila kitu kigumu kikipashwa moto hadi nyuzi 500 hivi huanza kung'aa kwa wekundu hafifu, kiwe chuma, udongo au kauri, na kwamba rangi hubadilika kadiri ukali unavyopanda. Thomas Wedgwood, wa ukoo wa wafinyanzi mashuhuri wa Uingereza, aliliandika jambo hilo mwaka wa 1792. Maelezo kamili ya kinadharia yalingoja hadi mwaka wa 1900, Max Planck alipoyatoa huko Berlin. Wafinyanzi, kwa upande wao, walikuwa wakiusoma mwanga huo kila walipochoma vyungu.

Sitaki msomaji adhani kwamba ninadai fundi anajua kila anachokijua mhandisi. La hasha. Fundi hakuweza kutuambia ni kiasi gani cha makaa kingeokolewa kama unene wa kauri ungepunguzwa kwa nusu sentimita, na mwenzangu aliweza kulikokotoa hilo mezani. Ninachodai ni kidogo zaidi, nacho ni hiki: mhandisi asingemsikia fundi kama sisi wa lugha tungeendelea kumwekea maneno yasiyokuwa yake.

Ni mwenzangu huyo aliyenipa nisome makala fupi iliyochapishwa mwaka wa 1969 katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Waandishi wake walikuwa wawili: Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Erasto Mpemba, kijana wa Kitanzania. Jina la Mpemba nilikuwa nimelisikia, lakini kisa chake sikukijua.

Mwaka wa 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walizoea kujitengenezea aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyagandisha. Siku moja nafasi katika jokofu ilikuwa haba. Mwenzake mmoja akatia maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, kwa kuhofia kukosa nafasi, akatia yake yakiwa bado moto. Baada ya saa moja na nusu, yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa kwamba alikuwa amechanganyikiwa, jambo kama hilo haliwezekani.

Hakuliacha swali. Aligundua kwamba hata wauzaji wa aiskrimu mjini Tanga walijua mbinu hiyo. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza mwalimu mwingine. Mwalimu huyo akamjibu kwamba hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likalipokea neno hilo kama utani, na tangu siku hiyo kila alipokosea, wenzake walimtania vivyo hivyo.

Niliposoma mahali hapo niliiweka makala chini. "Hiyo ni fizikia yako." Sikuwa nimelisikia neno la mwalimu yule kabla ya siku ile, lakini nilikuwa nimelitamka karibu neno kwa neno, katika nchi nyingine, zaidi ya nusu karne baadaye. Kumbe kejeli haihitaji kufundishwa. Hujirithisha yenyewe.

Osborne alipozuru Mkwawa kutoa mhadhara, Mpemba alisimama akauliza tena: kwa nini maji yaliyoanza na nyuzi 100 yagande kabla ya yale yaliyoanza na nyuzi 35? Wanafunzi wenzake waliona amewaaibisha. Osborne alitabasamu, akamuuliza kama ana hakika, kisha akaahidi kwamba angelijaribu jambo hilo mwenyewe. Huko Dar es Salaam akampa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akaripoti kwamba maji moto yaliganda kwanza, akaongeza kwamba wangelirudia jaribio hadi wapate matokeo yaliyo sahihi! Hatimaye wawili hao, mwalimu wa chuo na mwanafunzi aliyechekwa, waliandika makala kwa pamoja, na jambo lenyewe likapewa jina la Mpemba duniani kote.

Je, Mpemba alikuwa sahihi? Hapa ndipo kisa kinaponivutia zaidi. Aristotle aliligusia jambo hilo zamani za kale, Francis Bacon akalitaja mwaka wa 1620, na René Descartes mwaka wa 1637. Sababu nyingi zimependekezwa: uvukaji, mizunguko ya maji ndani ya chombo, gesi zilizoyeyuka majini, hata barafu iliyo chini ya chombo jokofuni. Mwaka wa 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kiliandaa shindano la kutafuta maelezo bora, kikapokea zaidi ya majibu 22,000. Mwaka wa 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti uliosema kwamba hawakupata ithibati ya kutosha kuwa maji moto hupoa upesi kuliko maji baridi, na kwamba hata tofauti ndogo ya mahali kipimajoto kilipowekwa yaweza kuleta matokeo ya kupotosha. Kisha mwaka wa 2020, nchini Kanada, Avinash Kumar na John Bechhoefer walitumia miale ya leza kudhibiti kijitufe kidogo mno majini, wakaonyesha kwamba katika mazingira fulani mahsusi kile kinachoanza na ukali mkubwa kweli hutangulia kufika kwenye utulivu wa baridi. Kuhusu maji ya kawaida, mjadala haujafungwa.

Maana yake ni kwamba thamani ya swali la Mpemba haikutegemea yeye kuwa sahihi. Ilitegemea mtu mmoja kukubali kulijaribu. Walimu waliomkanusha walikuwa na nadharia. Osborne naye alikuwa nayo nadharia hiyo hiyo, na alishuku kama wao. Tofauti ni kwamba yeye alichemsha maji.

Baada ya kusoma hayo sikuwa na budi kulipa deni langu. Muhula uliofuata, nikiwa na nauli ya kwenda na kurudi na mfuko wa peremende kwa ajili ya darasa, nilirudi katika shule ile. Mwalimu aliyenipokea aliniruhusu kumwona kijana yule wakati wa mapumziko. Alikuwa sasa katika kidato cha tatu, amerefuka, sauti imevunjika. Nikamwambia nimekuja kulijibu swali lake.

"Swali lipi, mwalimu?" akauliza.

Nikamkumbusha cheche na maji ya chai. Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa kwa adabu. Hakulikumbuka. Nikamweleza hata hivyo, pale chini ya mti, kuhusu moto mkali na moto mwingi, kuhusu juli moja na juli laki tatu, kuhusu mzee wa tanuri. Alinisikiliza. Nilipomwambia kwamba mwalimu wake wa fizikia angeweza kumweleza zaidi, akatabasamu.

"Fizikia niliiacha, mwalimu. Tulipochagua masomo nilichukua biolojia na kemia."

Kengele ikalia. Alinishukuru, akapokea peremende, akaenda zake. Sidai kwamba ni mimi niliyemtoa kwenye fizikia. Huenda alama zake zilimtoa, huenda biolojia ilimpendeza zaidi, na biolojia ni somo zuri. Lakini sina namna ya kujua, na kutojua huko ndilo fungu langu.

Wanachama wenzangu, katika kurasa kama hizi tumezoea kulalamika kwamba Kiswahili kinanyimwa nafasi katika sayansi. Tunadai istilahi ziundwe, tunadai kamusi za taaluma zichapishwe, na madai hayo ni ya haki. Lakini siku ile sayansi ilikuja yenyewe katika kipindi changu cha Kiswahili, kwa Kiswahili fasaha, ikiwa imeinua mkono karibu na dirisha. Istilahi "halijoto" ilikuwapo, imeandikwa kitabuni. Aliyekosekana ni mwalimu wa kuifungua.

Nakaribia kuhitimu, na Mungu akipenda nitapewa darasa langu. Nimejiwekea kanuni moja tu. Mwanafunzi akiniuliza nisilolijua, nitamwambia sijui, kisha nitamuuliza tutalijaribuje. Na kama jaribio lenyewe linahitaji sufuria ya maji na jiko la makaa, basi nitakwenda nalo darasani.